Gundi Alivyochaguliwa Mchezaji Bora Akiwa Kaburini

Mume wangu alichaguliwa mchezaji bora wa msimu siku ya kumi na tisa tangu azikwe.

Hapana, hamjasoma vibaya. Alizikwa, siku kumi na tisa zikapita, halafu akashinda.

Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele ukumbini na mama mkwe wangu. Jina lilipotajwa, nusu ya watu wakasimama kupiga makofi, nusu wakabaki wanaangaliana. Nikapanda jukwaani, nikapewa kombe, nikapigwa picha. Kwenye ile picha nimesimama kama mtu aliye kwenye foleni ya benki.

Sikuhisi kitu. Wala furaha, wala uchungu.

Ngoja nijieleze kidogo msije mkapotea. Mimi nina kiduka cha steshenari. Nachapa barua, natoa kopi, nabana vitabu, na kila mwisho wa muhula nachapa ripoti za shule mpaka macho yananiuma. Mume wangu alikuwa kipa na nahodha wa timu yetu ya mji. Walimwita Gundi kwa sababu mpira ukifika mikononi mwake umefika. Nyumbani alikuwa anadondosha vikombe kila wiki, lakini hayo yalikuwa ya ndani kwetu.

Siku ya kumi na moja baada ya ligi kuisha, alikula chakula cha mchana akasema anajinyoosha kidogo kwenye kochi. Saa kumi nikaenda kumwamsha. Hakuamka.

Daktari alisema ni moyo. Kesho yake tukazika.

Tangu hapo nikawa na ganzi. Mnaijua ile ya mguu ukiukalia vibaya? Sasa hii ilikuwa ya mwili mzima, na haikuisha hata nilipojinyoosha. Wiki ya pili nikafungua duka. Watu wakasema nina moyo mgumu. Nikawaacha waseme.

Basi, jirani yangu pale dukani ni kinyozi. Kati yetu kuna ukuta wa plaiwudi tu. Anachosema mteja akiwa kwenye kiti mimi nakisikia kama ananiambia mimi. Mashine yangu ya kopi ikiwa inafanya kazi, wao wanabwabwaja. Mashine ikinyamaza, nao wananyamaza, kwa sababu hapo wanakumbuka kwamba niko.

Asubuhi moja, wiki kadhaa baada ya tuzo, nilikuwa natoa kopi za mitihani ya shule moja, kurasa mia tatu. Kwa hiyo walikuwa na muda wa kutosha.

"Marehemu apewe heshima yake, sikatai," sauti ya Refa. Refa hajawahi kushika filimbi tangu azaliwe, ila anajua sheria zote. "Lakini mchezaji bora? Msumari kafunga mabao ishirini na sita. Ishirini na sita, jamani. Unamnyimaje mtu kama huyo?"

"Kura za huruma hizo," kinyozi akajibu.

"Huruma wangempa rambirambi, siyo kombe."

"Tatizo ni wapiga kura," akadakia muuza viatu, ambaye hanyoi, anakuja kukaa tu. "Wanapiga manahodha na makocha. Sasa kocha gani atampa kura mtu aliyemfunga matatu nyumbani kwake? Akirudi kwa viongozi wake atasema nini?"

"Ndiyo maana mimi nasema tupige mashabiki. Kwa simu."

"Kwa simu si atashinda mwenye ukoo mkubwa?"

Wakacheka. Kinyozi akamwambia mteja atulie asije akakatwa sikio.

"Na zile kura arobaini na nane zilizoharibika?" Refa hakuwa amemaliza. "Karatasi ishirini na nane, kila karatasi majina matatu. Jumla themanini na nne. Arobaini na nane zimetupwa. Watu wazima, makocha, hawajui kujaza karatasi? Zimeharibiwa hizo. Kuna mtu kakaa mezani na kalamu yake."

Sikuwa na la kufikiria. Nikaendelea kulisha mashine karatasi.

Msumari anayesemwa ndiye mshambuliaji wa timu yetu. Yeye na Gundi waliingia kikosini mwaka mmoja, wakawa kama ndugu. Tangu msiba alikuwa anakuja kwetu kila jioni kukaa na mama mkwe, hata kama mama haongei. Baada ya tuzo akaacha kuja. Ana miaka thelathini na minne, alishatangaza kwamba huu ulikuwa msimu wake wa mwisho, na hakuwahi kupata tuzo yoyote. Watu walisema kanuna. Sikumlaumu, na wala sikumfuata.

Halafu Refa akasema lile neno.

"Tena angalieni matokeo yenyewe. Wa kwanza Gundi, kipa. Wa pili beki wetu wa kulia. Wa tatu beki wetu wa kushoto. Moja, mbili, tatu. Sasa hapo wametoa tuzo au wametangaza kikosi?"

Kicheko kikapanda mpaka plaiwudi ikatikisika.

Mimi mkono ukasimama juu ya mashine. Mashine ikanyamaza. Nao wakanyamaza.

Moja, mbili, tatu.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye jambo.

Ile fomu ya kura niliichapa mimi.

Katibu wa ligi yetu ni mwalimu mkuu mstaafu. Mwezi wa mwisho wa msimu aliniletea rasimu kaiandika kwa mkono, mwandiko mzuri wa ubaoni. Juu kaandika: *Taja wachezaji watatu, anza na aliye bora kuliko wote.* Chini mistari mitatu, kila mstari una Jina, Timu, na Nafasi. Mwisho kabisa, *Sababu kwa kifupi.*

Nikaitazama ile Nafasi. Nikasema hapa watu watachanganya. Gundi alishanifundisha tukiwa tunatazama mpira kwenye televisheni: nafasi ni pale mtu anapocheza. Kipa, beki, winga. Mwalimu anataka kujua nani wa kwanza, nani wa pili, watu watamwandikia "winga".

Nikafuta Nafasi, nikaandika Namba.

Kwenye ripoti za shule nachapa hivyo siku zote. *Namba: 4 kati ya 52.* Mzazi akiona anajua mtoto kashika ngapi. Nilipomwonesha katibu, alitabasamu.

"Umefanya vizuri, binti yangu. Namba haina utata."

Yeye ni mtu wa shule, mimi nachapa ripoti za shule. Wote wawili tukaona tumemaliza. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba kwa mtu wa mpira namba ni ile iliyo mgongoni.

Nilikuwa nimelala kitanda kimoja na namba moja kwa miaka tisa, na sikukumbuka.

Lile bunda la karatasi za kura lilikuwa pale pale dukani, juu ya meza ya kubania. Katibu aliniletea jana yake. Kelele za mashabiki zilikuwa zimemchosha, akataka nizibane ziwe kitabu azifungie kabatini. "Wakiuliza tutawaambia jalada lipo," alisema.

Nikageuza kibao cha mlangoni kikaonesha tumefunga, nikakaa, nikafungua bunda.

Karatasi ya kwanza, mstari wa kwanza: Msumari. Namba: 9. Juu ya ile tisa kuna alama ya kosa, nyekundu, kubwa, kama ya mtihani. Mstari wa pili kiungo wa timu nyingine, namba 10, nayo imekatwa. Mstari wa tatu Gundi, namba 1. Pembeni yake katibu kaweka alama ya vyema, na kaandika pointi tatu.

Mtu kaweka Gundi wa tatu, kwa heshima tu. Katibu kahesabu wa kwanza.

Nikafungua ya pili. Hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo.

Nilizihesabu zote, na nilipomaliza nikazihesabu tena. Kati ya karatasi ishirini na nane, nne tu ndizo zilizojazwa kama katibu alivyotaka. Ishirini na nne zilikuwa na namba za jezi. Namba zote zilizozidi tatu zimekatwa. Moja, mbili na tatu zimepewa pointi. Mistari iliyokatwa ilikuwa arobaini na nane kamili.

Hakuna aliyekaa mezani na kalamu ya wizi. Alikaa mwalimu na kalamu yake nyekundu, akasahihisha.

Nikahesabu upya kwa kufuata mstari, siyo namba. Msumari alikuwa mstari wa kwanza kwenye karatasi kumi na tisa.

Gundi alitajwa kwenye nane. Saba wa tatu, moja wa pili. Hakuna hata karatasi moja iliyomweka wa kwanza.

Mngedhani hapo ningeumia. Niliandika hesabu kwenye kipande cha karatasi, nikakikunja, nikanywa maji.

Nitakuwa mkweli kwenu. Nilifikiria kunyamaza. Ilikuwa rahisi sana. Nibane, nipige gundi ya mgongo, nimpe mwalimu wake, afungie kabatini, basi. Kosa ningebaki nalo mimi.

Siyo kwamba nilitaka kombe. Nilimfikiria mama mkwe.

Baada ya mazishi mama alikuwa anakaa kwenye kiti kimoja, anatazama ukuta. Ukimuuliza umekula anasema ndiyo, sahani imejaa. Siku tuliyorudi na kombe, tulipofika mlangoni alilipokea kwangu kwa mikono miwili kama anapokea mtoto. Akaliweka mezani, akatandika kitambaa chini yake. Lina mkono mmoja unaocheza, akaufunga kwa uzi. Kesho yake nikamkuta anakula. Wakija wageni anawapa walishike, anasema, "Mwanangu wa kwanza kati ya wote."

Nikilitoa lile kombe pale mezani, sikujua mama atabaki na nini.

Kwa hiyo nikaanza kulipanga bunda vizuri nilibane. Ndiyo, nilishaamua. Nikagonga pembe zikae sawa, na karatasi moja ikawa inajitokeza kwa chini. Nikaivuta.

Nilijua mwandiko kabla sijasoma.

Gundi alipiga kura yake siku fomu zilipotoka. Alikuwa hivyo, kitu hakilali kwake. Manahodha wengine walichelewa mpaka wakapiga baada ya msiba, ndiyo maana wakamkumbuka. Yeye alishajaza akiwa mzima, mezani kwetu, na wala hakunionesha, akasema kura ni siri hata kwa mke.

Kwenye kuhesabu nilikuwa natazama majina na mistari tu. Nilimpita mume wangu mara mbili bila kumwona.

Mstari wa kwanza: Msumari. Namba: 9. Ile tisa yake yenye mkia ulionyooka. Na alama nyekundu imepita juu yake.

Chini, kwenye Sababu, kaandika:

*Mashuti yake ya mazoezini yamenivunja vidole viwili. Mpeni tu, atulie.*

Nilisoma mara nyingi, siwezi kusema ngapi. Kitu cha mwisho ambacho mume wangu aliomba kwa maandishi duniani, kilikatwa kwa sababu ya neno nililochapa mimi.

Sikulibana bunda. Nikaichukua ile karatasi, nikaenda nyumbani.

Mama alikuwa anafuta kombe.

"Mbona mapema, mwanangu? Unaumwa?"

"Siumwi, Mama. Nina maneno."

Nikamweleza yote. Nilieleza polepole, nikianzia kwenye Nafasi mpaka Namba, mpaka jezi. Mama hakusoma sana, lakini alisikiliza kitambaa kikiwa mkononi. Nilipofika kwenye ile hesabu nikaona aibu kuisema, nikaisema hivyo hivyo.

"Kwa hiyo hakuwa wa kwanza," akasema.

"Hakuwa, Mama."

"Alikuwa wa ngapi?"

"Wa tano."

Akatikisa kichwa taratibu. Sikujua kama amekubali au amekasirika. Nikampa ile karatasi. Akavaa miwani, akaisogeza dirishani, akaanza kusoma kwa midomo, neno moja moja. Alipofika chini akasimama.

"Vidole gani vilivyovunjwa?"

"Hivi viwili, vya kushoto. Mwaka juzi."

"Mimi aliniambia kabanwa na mlango."

Na mimi nilikuwemo kwenye ule uongo.

"Nikamkanda na maji ya moto wiki nzima," mama akasema. "Nikautukana mlango wa watu. Kumbe Msumari." Mabega yakaanza kutikisika. Nikasogea nimshike, nikaona anacheka. Machozi yanatoka na anacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mama akicheka tangu siku ile. "Mwongo mkubwa huyu mtoto. Mwongo kabisa."

Alipotulia akavua miwani.

"Ndiyo maana Msumari haji?"

"Nadhani, Mama."

"Kampelekee kombe lake."

"Mama, na wewe je?"

"Hilo tulipewa na watu," akasema. "Hii kaandika mwenyewe. Niachie hii."

Sikuwa na namna ya kumwambia kwamba hata hiyo hawezi kubaki nayo. Katibu angeihitaji. Bila karatasi zote ishirini na nane, nani angeamini? Nikamwambia. Akafikiri kidogo.

"Wewe si una mashine?"

Nilienda kwa katibu mchana ule ule. Mwanzoni aligoma. "Nimesahihisha mitihani miaka thelathini na mitano, binti yangu. Mtahiniwa akiandika tisa pasipo na tisa, amekosa." Nikamwekea mbele karatasi tano, nikamwomba asome zile namba kwa sauti, halafu anitajie namba ya mgongoni ya kila mchezaji. Kwenye karatasi ya tatu akaacha kusoma.

"Nani aliandika Namba?"

"Mimi, Mwalimu. Wewe uliandika Nafasi."

"Na mimi nikakusifu," akasema. Halafu akachukua kalamu, nyekundu, akairudisha, akachukua ya bluu, akaanza kuandika tangazo la marekebisho.

Kabla sijamkabidhi bunda nilirudi dukani, nikaiweka karatasi ya Gundi kwenye kioo, nikafunga mfuniko, nikabonyeza tatu. Moja ya mama, moja ya Msumari, moja yangu.

Mnajua kopi inavyotoka, inakuwa na joto. Nimezishika kopi za moto maisha yangu yote ya kazi. Hii ya kwanza ilipotoka niliishika, nikaisikia. Nasema niliisikia. Joto likaingia kwenye vidole, likapanda mpaka kwenye viwiko. Mnataka niseme nililia. Sikulia. Nilisimama pale nimeishika mpaka ikapoa.

Mashine yangu haina rangi. Ile alama nyekundu ikatoka nyeusi, sawa na mwandiko wake, kama vile kajikosoa mwenyewe. Nina wino mweupe wa kufutia, kazi ya dakika moja, hakuna ambaye angejua. Nikafungua kichupa. Halafu nikakifunga.

Ile alama ni yangu. Nikaiacha.

Jioni mimi na mama tulimpelekea Msumari kombe. Lebo ya jina nilishaibandua nikachapa nyingine. Alitoka nje akatuona, akarudi nyuma hatua mbili.

"Shemeji, mimi siwezi kulipokea hilo. Watu watanielewaje?"

"Sikupi mimi," nikamwambia, nikamnyooshea kopi.

Akasoma. Alipofika kwenye vidole akakaa chini pale pale kizingitini. Mama akakaa kando yake, akamgonga kisogoni kidogo.

"Ulinivunjia mtoto, na kesho uje kunywa chai," akamwambia.

Amekuja. Anakuja mpaka leo.

Mngependa kujua mashabiki walisemaje. Siku tangazo lilipotoka nilikuwa natoa kopi, wakajisahau.

"Msumari kamhonga mjane," Refa akasema. "Haiwezekani mtu arudishe kombe bure."

"Na katibu kalazimishwa," muuza viatu akaongeza. "Kuna mkubwa nyuma ya hili."

Nikazima mashine makusudi. Wakanyamaza. Nikapita mlangoni kwao, nikawaambia nina jambo moja tu la kuuliza: kati yenu, kuna hata mmoja aliyewahi kuiona ile fomu?

Hakuna.

Miezi miwili walibishana juu ya wapiga kura, makocha, huruma, hongo na simu. Karatasi yenyewe hakuna aliyeomba kuiona.

Hilo ndilo ninalowaachia ninyi mnaosoma. Kabla hujasema umeibiwa, omba karatasi uisome. Na wewe unayeandika fomu, usimpe aliyesoma shule uliyosoma wewe akuhakikishie. Mpe yule atakayeijaza, akusomee kwa sauti.

Msimu huu katibu kaniletea rasimu nyingine. Safari hii nimechapa: Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Kisha nikampelekea Refa aisome.

Kopi yangu iko kwenye droo ya chini, dukani. Imeshapoa siku nyingi. Kuna siku naitoa, naiweka kwenye kioo, nabonyeza moja.